Nambari Nyekundu za Mwakirunge

Mfuko wa kazi niliurudisha dispensari mwezi uliopita, siku ya kustaafu. Sista wa sasa alivikagua vilivyomo kimoja kimoja: mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto, utepe wa kupima mkono, kipimajoto, vidonge vya kusafishia maji, na madaftari mawili yaliyojaa. Vyote vilikuwepo. Brashi ya rangi sikuirudisha kwa kuwa haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya mdogo wangu Karisa, aliyekuwa akiandika majina ya maduka kwenye kuta, na mpaka leo iko kwangu juu ya kabati. Nywele zake zimekauka zikawa ngumu kama miiba ya samaki. Rangi iliyobaki juu yake ni nyekundu.

Nyinyi mnaoingia katika kazi hii ya afya ya jamii mmeniomba niandike niliyojifunza. Semina mtapewa, na soda mtapewa. Mimi nitawaandikia habari za hiyo brashi, kwa sababu kwenye semina hamtaisikia.

Niliacha shule darasa la sita. Mama alikuwa na kifua kikuu. Alipewa dawa, akazinywa miezi miwili, mwili ukarudi, akasema amepona. Siku aliyosema hivyo tulipika wali wa nazi na sote tukafurahi. Mwaka uliofuata tulimzika, na baba hakukaa sana nyuma yake. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na chini yangu walikuwa watatu. Nikaenda timboni Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe, kuponda kokoto, nyundo mkono mmoja na mpira wa gurudumu mkono wa pili wa kushikia jiwe lisiruke. Kila jioni niliwahesabu wadogo zangu kabla ya kufunga mlango: mmoja, wawili, watatu. Tabia hiyo ya kuhesabu haikuniacha, na mtaona ilikonifikisha.

Wadogo walipokuwa wamekua, dispensari ilitaka mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, naye achaguliwe na watu wa mtaa wenyewe. Mkutano ukaitishwa. Wako waliotaka mwenye cheti. Basi akasimama Mama Pendo, aliyekuwa akiuza chai na mahamri pale timboni, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hata mawe yakikatwa, akasema:

"Cheti cha nini? Huyu Mbeyu amewanywesha wadogo zake uji mpaka wameota ndevu. Atashindwa na vidonge?"

Watu wakacheka, wakainua mikono. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama kujitolea kunaitwa kuajiriwa.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Bi Mwanakombo wa Magogoni nikafundishwe. Alikuwa mkunga tangu ujana wake, na dispensari ilikuwa imemchukua kwa sababu wanawake walikuwa hawaendi popote mpaka yeye aseme. Nilifika nimevaa viatu vya kamba nilivyoazima.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Hivyo viatu ni vyako?"

"Nimeazima, Bi."

"Virudishe. Nyumba ishirini kwa siku, kila mlango uiname ufungue kamba, uiname ufunge kamba. Jioni utakuwa mgonjwa wewe. Vaa ndara."

Hilo ndilo somo la kwanza na bado ni zuri kuliko mengi. La pili alinifundisha siku hiyo hiyo. Nilisimama mlangoni pa mtu, daftari wazi, nikaanza kuuliza maswali. Bi Mwanakombo akanivuta mkono.

"Ndoo huku, mwanangu. Mtu anayeuliza kasimama mlangoni ni mdai, au ni askari. Kaa. Ukipewa kigoda, kaa kigodani. Ukipewa jiwe, kaa jiweni. Ukipewa maji, yanywe. Ukiyakataa maji yake, naye ataikataa dawa yako."

"Na daftari, Bi?"

"Daftari litoe ukishaulizwa habari za kwenu."

Nilitembea naye miezi mitatu. Alikuwa haandiki chochote. Alijua ni mtoto wa nani hajachanjwa na ni mume wa nani anaficha kikohozi, na kila ukimuuliza amejuaje alisema, "Nimeambiwa," basi. Mimi nilimheshimu kwa yote, isipokuwa hilo la kutoandika. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, ukimpa daftari lenye mistari na muhuri wa serikali, unampa kitu kikubwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa akiuonyesha kwa wenzangu. Nilikuwa na njaa ya kuandika, na hiyo njaa ndiyo iliyoniponza.

Mwaka wa tatu wa kazi, ofisi iliagiza kila nyumba ipewe nambari, ili mtu asihesabiwe mara mbili na mwingine akaachwa. Tulipewa chaki nyeupe. Mtaa niliopewa mimi ni ule ulio chini ya timbo, ambako wakataji mawe wengi wamejenga nyumba za udongo na mabati. Niliandika siku nzima. Kesho yake nusu ya nambari zilikuwa zimefutika: umande umezila, na mbuzi wamejikuna penye zilizobaki. Nikarudi nyumbani nimekasirika. Karisa alikuwa na kopo la rangi nyekundu lililobaki kwenye kazi ya duka la nyama. Nikamuomba kopo na brashi.

Niliandika siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano. Nyumba sitini na tatu. Kila nambari na duara lake, juu kidogo ya kitasa, au kwenye bati la ukuta kama mlango ni wa mbao mbovu. Wakati huo watu wengi walikuwa kazini, na watoto walinifuata wakishangilia. Sikubisha hodi kwa kila mtu. Nilijiambia, nani asiyenijua? Bi Mwanakombo angeniona angenipiga kofi. Nilipomaliza nilisimama mbali nikaziangalia zikipendeza kwenye jua, na, niseme kweli, nilijisikia kama mwalimu.

Alhamisi asubuhi nilisikia nyundo mtaani. Ko, ko, ko, huku na huku. Nikadhani kuna watu wanajenga.

Walikuwa wanang'oa misumari. Nyinyi ambao mmekulia kwenye ardhi isiyo yenu mmeshaelewa. Mtaa ule umejengwa kwenye shamba la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wanaokaa mahali pa namna hiyo wanaijua rangi nyekundu mlangoni. Maana yake tingatinga liko njiani, na mwenye akili huondoa mabati yake kabla halijafika, kwa sababu bati likishakunjwa na tingatinga haliezeki tena. Mimi sikulijua hilo kwa moyo. Kwetu tunakaa penye makaburi ya babu zetu, umbali wa kutembea kidogo tu kutoka pale, na hakuna aliyewahi kututia alama. Nilikuwa nimeponda kokoto pamoja na watu hawa miaka na miaka, na sikujua wanalala na hofu gani.

Nilipofika, nyumba tatu hazikuwa na paa, mabati ya ukuta, wala watu. Moja ilikuwa nambari arobaini na saba, ya Katana.

Katana alikuwa mkataji mawe, kijana wa watu aliyeoa, na mkewe aliitwa Dama. Katana alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshawishi apimwe, baada ya kumsikia akikohoa timboni kwa muda ambao vumbi peke yake halifikishi. Kila Ijumaa alichukua vidonge vya wiki nzima dispensari. Mwezi wa pili, mwili wake umeanza kurudi. Naijua hiyo miezi miwili. Naujua mpaka wali wake.

Ijumaa hakuja. Muuguzi wetu wakati huo alikuwa Sista Wanza, mtu wa bara, mkali, mwenye haki, asiyependa kelele. Habari za nyumba zilizong'olewa alikuwa amezisikia. Alingoja mpaka adhuhuri, akafungua daftari lake kubwa, na mbele ya jina la Katana akaandika: amepotea.

"Hajapotea, Sista," nikasema. "Nimemfukuza mimi."

"Basi mtafute. Akikatiza dawa sasa, ugonjwa utarudi na dawa hizi huenda zisimsaidie tena. Unajua."

"Najua."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Pendo. Timbo zima linakunywa chai yake, hakuna ajaye wala aondokaye asijue. Siku zote alikuwa akinikaribisha kabla sijakaa. Siku hiyo alikoroga sufuria yake ya mbaazi bila kuinua macho.

"Mama Pendo, Katana amehamia wapi?"

"Wataka kumtia rangi yeye mwenyewe sasa?"

"Nataka kumpa dawa."

"Dada Mbeyu, mimi nilisimama mkutanoni nikakusemea. Leo watu wananiuliza nimewaletea nani. Ondoka hapo mbele, wateja hawapiti."

Nikaondoka. Nilipita nyumba kadhaa nikibisha hodi, na kila mlango ulikuwa na mtu ndani na hakuna aliyeitikia. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekunywa maji katika nyumba hizo.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Magogoni. Bi Mwanakombo alikuwa amezeeka, miguu inamuuma, ila kichwa kizima. Nilimweleza yote. Akauliza:

"Mwanangu, umewaambia ni wewe?"

"Wanajua ni mimi. Waliniona."

"Walikuona na brashi. Sikuulizi hilo. Umewaambia ni wewe, hukutumwa rangi, umekosa?"

"Bado."

"Basi wao wanangoja tingatinga na wewe unamngoja Katana. Kesho saa nne wakinywa chai, nenda. Usiende na daftari."

Jumatatu saa nne nilikwenda timboni mikono mitupu. Wale ambao hamjafika timboni: mawe yanakatwa kwa msumeno wa mashine, na vumbi lake ni jeupe. Wakati wa chai wanaume hukaa kwenye vivuli vya kuta za jiwe walizozichimba wenyewe, kope zao nyeupe kama za vikongwe. Niliposimama katikati, mmoja akapaza sauti:

"Dada Mbeyu! Tingatinga limekwama wapi? Tumengoja mpaka tumechoka!"

Wakacheka, kicheko kibaya.

"Hakuna tingatinga," nikasema. "Nambari nimeziandika mimi. Zilikuwa za dispensari, za kuhesabu watu ili dawa zitoshe."

"Nani alikutuma?" akauliza mzee wa mtaa, aliyekuwa amekuja kunywa chai kama kila siku.

"Kuhesabu nilitumwa. Rangi sikutumwa. Nilipewa chaki, nikaona haidumu wala haipendezi. Sikuwauliza. Nimekosa, na nyumba tatu zimeondoka kwa sababu yangu, na katika hizo yumo mtu anayehitaji dawa. Nawaomba mnisamehe, na mnaomjua aliko Katana mniambie."

Nilisikia mbaazi za Mama Pendo zikichemka. Halafu yeye ndiye aliyesema, na hakusema nami, alisema na mzee wa mtaa:

"Azifute. Yeye mwenyewe kwa mkono wake, si wadogo zake. Kila nyumba abishe hodi, aseme alichokisema hapa, ndipo afute."

"Umesikia?" mzee akaniuliza.

"Nimesikia."

Jumanne nilianza, na kopo la mafuta ya taa, gunia, na panga butu. Jueni kwamba rangi ya mlango wa duka la nyama imetengenezwa isitoke. Kwenye bati inatoka kwa mafuta ya taa na jasho. Kwenye udongo haitoki kabisa. Unakwangua ukuta wa mtu kwa panga, kisha unachota udongo mbichi unamsilibia upya. Kila mlango nilisema maneno yale yale. Nyumba ya kwanza mama mmoja aliniangalia mpaka nikamaliza, akafunga mlango. Ya tano niliwekewa jiwe nikae. Ya kumi na mbili nilipewa maji. Nilikunywa yote, na machozi yakanitoka, nikasema ni mafuta ya taa.

Jumatano wanawake wawili walikuja kunisaidia kuponda udongo. "Kufuta ufute wewe," wakasema, "hukumu ni hukumu. Lakini udongo hukuhukumiwa." Alhamisi wakawa sita na maneno mengi. Mmoja alinitania kwamba nambari yake, thelathini na moja, alikuwa ameshaizoea na hataki ifutwe. Ilibidi nimwombe radhi ndipo aniruhusu kuifuta. Na katika kukaa huko, mikono imejaa udongo, hakuna daftari, waliniambia mambo ambayo miaka mitatu ya maswali haikuyatoa. Nani ana mimba. Nani anakohoa. Nani aliacha dawa za presha na kwa nini.

Ijumaa jioni, wenye nyumba mbili kati ya zile tatu wamesikia wakarudi, imebaki nyumba moja tu ambayo haipo, Mama Pendo alinipitia na sufuria zake kichwani.

"Umekonda," akasema.

"Shikamoo, Mama Pendo."

"Marahaba. Ng'ambo ya jalala, upande wa migomba. Sijui nyumba. Alisema tu ataelekea huko kwa shemeji yake. Na kama hujala, hamri moja limebaki."

Jumamosi asubuhi nilipita jalala la Mwakirunge na vidonge vya wiki nzima mfukoni. Ilikuwa siku ya tisa Katana hajala dawa. Upande wa migomba kuna nyumba nyingi mpya, zote za mabati ya viraka, na watu wa huko hawakunijua. Nikiwauliza habari za Katana walisema hawamfahamu, kama ambavyo mimi pia ningesema. Nilizunguka mpaka jua likawa kali. Nilikuwa nimekata tamaa na nimekaa kwenye gogo, ndipo nilipouona mwandiko wangu.

Ukutani pa kibanda, bati moja katikati ya mengine lilikuwa limepigiliwa juu chini. Juu yake, nyekundu, na duara lake, ilikuwa arobaini na saba, miguu juu. Nikautambua na mkia wa saba, niliokuwa nikiusifia moyoni nikiuandika.

Nilibisha hodi. Akatoka Dama, akaniona, akaweka mikono kiunoni.

"Umekuja kuhesabu tena?"

"Nimekuja kuomba radhi, Dama. Na kuleta dawa. Yuko wapi?"

"Mwambie hayuko," ilisema sauti ndani, kisha mwenye sauti akacheka mwenyewe, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamchukua muda mrefu. Nilisimama pale nikikisikiliza. Nilikuwa nimekisikia nyumbani kwetu nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Aliponitokea, mashavu yalikuwa yameanza kuingia ndani tena. Nilisema yote niliyoyasema milango sitini na miwili. Katana alinisikiliza, halafu akasema:

"Dada, rangi nimekusamehe. Lakini hata bila rangi ningekosa. Sisi tunaingia timboni alfajiri. Dispensari inafunguliwa saa mbili, na ukichelewa foleni inakatwa saa sita. Kila Ijumaa ninayokuja kuchukua dawa, nafasi yangu kwenye mashine anapewa mtu. Mara mbili nimekwisha kupitisha Ijumaa nikaja Jumatatu. Hukujua?"

Sikujua. Daftari langu halikuwa na mstari wa hilo.

Kabla sijaondoka nilitoa gunia langu na mafuta ya taa nifute nambari. Dama akanizuia.

"Wacha! Hilo bati limeoza. Ukilisugua utatuachia dirisha."

"Hukumu imesema zote, Dama."

"Hukumu ni ya kule. Huku ni kwangu. Iache, mvua itaifuta."

Jumatatu nilimweleza Sista Wanza aliyoyasema Katana. Nilitegemea akasirike, na alikasirika. Alisema dispensari si duka la kufunguliwa kila mtu atakapo. Halafu akaliangalia lile neno aliloliandika kwenye daftari, akauliza hao watu wanakunywa chai saa ngapi.

Saa nne alikuja nami timboni na sare yake nyeupe. Mama Pendo akampangusia jiwe kwa kanga. Sista akalitazama lile jiwe, akanitazama mimi. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Kaa, Sista. Na chai ukipewa, unywe." Akakaa. Aliposimama baadaye sare yake ilikuwa na umbo la jiwe lote nyuma, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Mnataka nifungue saa kumi na moja alfajiri?" aliwauliza. "Nilale hapo hapo?"

"La, Sista," akajibu mzee mmoja. "Sisi saa nane mchana tumeshaweka msumeno chini. Wewe saa nane unafanya nini?"

"Naandika ripoti."

"Za nani?"

"Zenu."

Safari hiyo kicheko kilikuwa kizuri. Wakabishana, na mwisho wakakubaliana wagonjwa wa kifua wahudumiwe mchana, Jumanne na Ijumaa, na ripoti ziandikwe asubuhi. Likabaki swali la kumeza kila siku. Sista alitaka mtu wa kumwangalia Katana akimeza. Mimi nisingeweza kuwa timboni kila alfajiri. Mama Pendo akajipangusa mikono.

"Mletee vidonge mimi. Hapati chai kabla hajameza."

"Nikikataa?" akauliza Katana, aliyekuwa amerudi kazini siku hiyo, kajifunga kitambaa puani.

"Ukikataa, utakata mawe na maji matupu tumboni."

Sista alimfundisha Mama Pendo palepale: rangi ya vidonge, idadi yake, dalili za kuangalia, kutokutangaza ugonjwa wa mtu kwa watu. Hilo la mwisho Mama Pendo alilichukulia kwa uzito kuliko tulivyodhani, akawa anawapa wote kikombe cha maji kwanza asubuhi, ili asijulikane ni nani anayamezea vidonge. Hakuna semina iliyomfundisha hilo. Katana alipimwa makohozi tena, akaendelea na dawa, siku alizokosa zikaongezwa mwishoni. Alimaliza. Kipimo cha mwisho kilitoka safi, na Sista alifuta lile neno kwenye daftari lake kwa mkono wake, taratibu, kwa mistari miwili ya kalamu.

Tangu hapo kila mwezi, siku moja, saa nne, dispensari ilikwenda timboni kunywa chai. Mengi mnayoyaona leo mkadhani yametoka ofisini yalitoka pale: mtungi wa maji ya kunywa kwenye foleni, kunyunyizia mawe maji kabla ya kukata ili vumbi lipungue, chumba cha pazia ili mwanamke asielezee shida yake mbele ya jirani. Si kwamba tulikubaliana siku zote. Upo mwaka ambao hatukusemezana miezi miwili kwa ajili ya choo. Lakini watu walikuwa wanakuja kutuambia wamekasirika, na mimi nilijifunza kuogopa kimya tu, si hasira. Nambari za nyumba nazo zilipatikana mwishowe. Watu waliziandika wenyewe, kila mtu rangi aitakayo, na hakuna aliyetaka nyekundu.

Bi Mwanakombo alifariki akiwa na umri mkubwa. Sista Wanza alihamishwa. Mama Pendo bado anauza chai, na sasa sauti yake ndiyo inayoshindwa na msumeno. Wadogo zangu wote wana nyumba zao, nami jioni bado nahesabu kabla ya kufunga mlango, ingawa hakuna wa kuhesabu ila kuku.

Wiki ya mwisho ya kazi nilimtembeza Rehema, mama wa watoto wawili aliyechaguliwa kuishika nafasi yangu. Alivaa ndara, nilikuwa nimemwambia. Yeye hana daftari, ana simu ya kazi, na simu hiyo haikubali kwenda mbele mpaka uijaze kila kitu. Tulifika ng'ambo ya jalala, kwa Katana na Dama. Wamejenga chumba cha mawe, lakini kile kibanda cha mabati wamekiacha kiwe jiko. Tulikaa. Tukanywa maji. Tukaulizwa habari za kwetu. Ndipo Rehema akatoa simu.

"Samahani, mama," akamwambia Dama. "Inauliza nambari ya nyumba."

"Iko ukutani pa jiko," akasema Dama. "Ila uinamishe kichwa."

Rehema akaenda. Mvua za miaka yote hiyo hazikuwa zimeigusa. Akainama upande, simu mkononi, akainama zaidi, mpaka kilemba kikamdondoka, na Katana akacheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, mpaka akashikilia ukuta.

Nami nikamsikiliza, kama nimsikilizavyo kila akicheka, mpaka kicheko kikaisha. Hakukohoa.